Jiwe, sabuni na dekio: picha nyeusi ambayo shangazi aliisoma kabla yangu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kasulu. Jioni moja mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hata redio haisikiki, umeme umekatika, tumekaa jikoni tunasubiri maharage yaive. Kwenye simu nilikuwa nimehifadhi picha moja ya makumbusho kwa ajili ya kazi yangu ya chuo: nyeusi na nyeupe tu, hakuna mtu, hakuna mti, hakuna nyumba. Michirizi mipana meusi inapanda, inajikunja, inaachia matone, basi. Nikampa shangazi simu nikamwuliza anaona nini.

Shangazi amefanya usafi kwenye wodi za hospitali kwa zaidi ya miaka ishirini. Akaisogeza simu mbali kidogo na macho, akaigeuza, akairudisha.

"Hapa mtu kadeki," akasema. "Na dekio lilikuwa limelowa sana. Ona hapa mwanzo lilivyomwaga, na hapa mwisho lilivyokauka."

Binamu zangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mchana wake nilikuwa nimesoma maelezo ya ile picha, na kumbe shangazi alikuwa amepatia kabisa. Ilichorwa kwa dekio. Dekio hilihili la kufutia sakafu.

Kwa hiyo leo nataka nikusimulie habari za picha hiyo na za jiwe iliyochapwa nalo. Ukifika mwisho utakuwa umepita Bavaria, Bombay, Lindi na Kibondo, na ukitaka utaweza kutengeneza ya kwako kwa foili ya kufungia chipsi.

Picha yenyewe ni ya Willem de Kooning, ya mwaka 1960, na nakala yake mojawapo iko katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York, yale yanayoitwa MoMA. Haina jina. Ni litografia, yaani picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe, kwenye karatasi yenye urefu wa zaidi ya mita moja. De Kooning alikuwa California, na wasanii wawili wa uchapaji, George Miyasaki na Nathan Oliveira, walimkaribisha kwenye karakana ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Pale palikuwa na jiwe kubwa kuliko kawaida. Badala ya brashi akachukua dekio, akalichovya kwenye wino wenye mafuta, akalipitisha juu ya jiwe. Zikatoka picha mbili za namna hiyo, nakala chache tu kwa kila moja.

Picha kama hii huitwa sanaa dhahania: haijaribu kufanana na kitu chochote. Watu wengi wakiiona husema hata mtoto angeweza. Sitaki kubishana nao. Ila naomba uone kwamba shangazi hakuuliza "hii ni picha ya nini?" Aliuliza, kimoyomoyo, "hii imefanywaje?" Na ukiuliza hivyo, picha inakujibu. Inakuonyesha mkono ulipoanzia, ulipoongeza nguvu, na kitambaa kilipoishiwa. Watu wa historia ya sayansi, ambako ndiko ninakosomea, tunafanya kazi hiyohiyo kwa vyombo vya zamani, tena kwa miaka mingi na kwa ada kubwa.

Jambo jingine kuhusu huyu bwana, halafu tuingie kwenye jiwe. De Kooning alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1904. Mwaka 1926 alijificha ndani ya meli akaingia Marekani bila kibali. Akaanza kwa kupaka rangi nyumba za watu. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 1962. Piga hesabu: alipokuwa anadeki lile jiwe alikuwa amekaa kule zaidi ya miaka thelathini na bado hana uraia. Wewe msomaji uliyekulia Kigoma, ambaye umeshawahi kuulizwa njiani wewe ni wa wapi na baba wa babu yako alizikwa wapi, nadhani hapa huhitaji maelezo.

Sasa jiwe. Ukisikia "picha iliyochapwa kwa jiwe" unaweza kudhani jiwe limechongwa kama muhuri. Hapana, na hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Jiwe la litografia ni bapa na linabaki bapa. Ukilipapasa kwa kidole husikii mchoro. Sehemu yenye picha na sehemu isiyo na picha ziko usawa mmoja. Kinachozitofautisha ni kemia peke yake.

Kila mtu anajua mafuta na maji havichangamani. Mimina mawese kwenye sufuria ya maji uone. Litografia inasimama juu ya ukweli huo, lakini kuna hatua moja katikati ambayo maelezo mengi huiruka. Jiwe lenyewe ni la chokaa, yaani kalisi kabonati. Wino au chaki ya kuchorea ina mafuta na sabuni. Ukichora, asidi za mafuta zilizomo zinashikana na kalisi ya jiwe na kufanya kitu kipya kisichoyeyuka katika maji: sabuni ya kalisi. Umeshakiona kitu hicho. Ukifua kwa maji magumu ya kisima, sabuni inakataa kutoa povu, na pembeni mwa beseni unabaki utando wa kijivu usiotoka hata usugue vipi. Utando ule ndio huohuo. Mchoro wa litografia, kwa lugha ya jikoni, ni uchafu wa beseni uliopangwa kwa makusudi.

Baada ya kuchora, mchapaji anapaka juu ya jiwe lote gundi iliyochanganywa na asidi kidogo. Pale penye mafuta gundi haishiki. Pale palipo patupu inashika na kuacha utando mwembamba unaopenda maji. Kisha analowesha jiwe kwa sponji: maji yanakaa pale patupu, yanakimbia pale penye mchoro. Anapitisha rola yenye wino wa mafuta: wino unakimbia pale penye maji na kung'ang'ania pale penye mchoro. Anaweka karatasi, anapitisha kwenye mtambo, anabandua. Picha inatoka imegeuka kama kwenye kioo. Analowesha tena, anapaka wino tena. Nakala ya hamsini inatoka sawa na ya kwanza, kwa sababu hakuna kilichochongwa cha kuchakaa.

Na hiyo gundi? Ni utomvu mkavu wa migunga, ile dunia inaiita gundi ya Kiarabu. Jina linapotosha kidogo, maana nchi inayoongoza kuitoa ni Sudan. Vijana waliochunga ng'ombe kwenye nyika zetu wanaijua, wengine wameitafuna. Kwa hiyo hata litografia iliyochorwa Paris na mtu ambaye hakuwahi kuiona Afrika, mara nyingi ilihitaji kitu kilichobanduliwa kwenye mti wa Afrika ili sehemu nyeupe ibaki nyeupe. Makumbusho yakiandika kibandiko chini ya picha, huandika jina la msanii, mwaka, na neno "litografia". Gundi haiandikwi.

Aliyegundua haya yote hakuwa mwanakemia. Alois Senefelder alikuwa mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa Prague mwaka 1771 na kuishi Munich, na shida yake ilikuwa pesa: uchapaji wa maandiko yake ulikuwa ghali, naye hana kitu. Akaanza kujaribu njia zake mwenyewe. Alisimulia baadaye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1818, kwamba siku moja mwaka 1796 mama yake alimwomba aandike orodha ya nguo zinazokwenda kwa dobi. Karatasi hakuwa nayo. Akaandika juu ya kipande cha jiwe lililokuwa karibu, kwa wino wake wa nta, sabuni na masizi. Kisha, badala ya kufuta, akajiuliza itakuwaje akilimwagia asidi. Miaka miwili hivi baadaye alikuwa ameifikia njia kamili, ile ya mafuta na maji isiyohitaji kuchonga kabisa. (Nakubali kwamba wagunduzi hupenda kusimulia hadithi nzuri kuhusu wao wenyewe. Lakini orodha ya dobi, na sabuni ndani ya wino? Naiamini.)

Bahati yake ilikuwa lile jiwe. Halikuwa jiwe lolote. Lilitoka Solnhofen, kusini mwa Ujerumani, ambako chokaa laini ilitulia chini ya rasi za bahari ya joto miaka milioni 150 hivi iliyopita, tabaka juu ya tabaka, bila mawimbi ya kuivuruga. Ndiyo maana mawe yake ni laini na sawasawa kiasi cha kushika mstari mwembamba kuliko unywele. Na ndiyo maana vilevile yamehifadhi viumbe kwa namna ambayo hadi leo inashangaza. Wachimbaji waliokuwa wakitafuta mawe ya uchapaji walipasua bamba na kukuta unyoya. Mwaka 1861 mtaalamu Hermann von Meyer alimpa kiumbe huyo jina: *Archaeopteryx lithographica*. Neno la pili linamaanisha "wa jiwe la litografia". Yule ndege wa kale mwenye meno, anayetajwa kwenye kila kitabu cha mageuko ya viumbe, amebeba jina la kazi ya uchapaji.

Hapa nitatoka nje ya njia kidogo, unisamehe. Mmoja wa mabaki mazuri kuliko yote ya ndege huyo yuko kwenye Makumbusho ya Elimu Viumbe ya Berlin. Katika makumbusho hayohayo amesimama dinosaria mkubwa mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, *Giraffatitan*. Huyo ni wetu. Alichimbwa Tendaguru, Lindi, katika msafara wa mwaka 1909 hadi 1913, na waliochimba ni mamia ya Watanganyika, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mnyama huyo na yule ndege waliishi zama zinazokaribiana, mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki. Mmoja aliachwa na rasi ya Bavaria, mwingine na pwani ya kale ya Lindi, na leo wako chini ya paa moja Berlin. Swali la kwa nini wa Lindi hayuko Lindi linahitaji makala yake.

Turudi kwenye uchapaji. Vitabu vyetu vya shule vikitaja historia ya uchapaji humtaja Gutenberg na herufi zake za risasi, kana kwamba njia ilikuwa ile moja tu. Kwa lugha zilizoandikwa kwa herufi za Kirumi ni sawa. Lakini jaribu kupanga Kiarabu kwa herufi moja moja za risasi. Herufi zinashikana, zinabadilika umbo kutegemea zimekaa mwanzo, katikati au mwisho, na irabu zinakaa juu na chini. Ni kazi ya kutoa jasho, tena ya gharama. Litografia iliondoa tatizo lote kwa mkupuo mmoja: mwandishi mwenye mkono mzuri anaandika kwa wino wa mafuta kwenye karatasi maalumu, maandishi yanahamishiwa kwenye jiwe, basi. Kilichoandikwa kwa kalamu ndicho kinachochapwa. Haihitajiki hata herufi moja ya risasi.

Ndiyo maana katika karne ya 19 mji wa Bombay ulijaa mitambo ya mawe iliyochapa misahafu na vitabu vya dini kwa Kiarabu, Kiajemi na Kiurdu. Majahazi na baadaye meli za mvuke zikavileta Zanzibar, Lamu na Mombasa pamoja na vitambaa na mchele. Sultani Barghash (1870–1888) alianzisha mtambo wake Zanzibar, lakini vitabu vya Bombay viliendelea kuja. Na bidhaa zilizofika Zanzibar hazikukaa Zanzibar. Njia ya misafara kupitia Tabora iliishia Ujiji, mahali ambapo kutoka Kasulu unashuka milima tu unafika. Mwalimu wa chuo cha Kurani, akiwa na juzuu mkononi, alikuwa ameshika kazi ya jiwe la chokaa. Kwa hiyo litografia ilikuwepo Afrika Mashariki muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuitundika ukutani kama sanaa. Ilikuja kwanza kama kitabu cha kusomea.

Ya pili ilikuja kama ramani, na hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike makala hii badala ya kulala.

Jeshi na serikali za Ulaya ziliuona mapema uwezo wa jiwe. Bavaria yenyewe ilianza kupima kila shamba la nchi na kuchapa ramani zake kwa litografia kuanzia mwaka 1808. Mawe hayo, zaidi ya 26,000, bado yametunzwa Munich, yamepangwa kwenye rafu kama vitabu. Kabla ya hapo ramani ilichongwa kwenye bamba la shaba, kazi ya miezi. Kwenye jiwe fundi anachora tu. Mto ukigundulika upya, unakwangua kidogo na kuchora tena. Mstari ukawa rahisi.

Na mstari ukiwa rahisi, mtu anaweza kuchora hata asichokijua. Mwaka 1855 na 1856 ilitoka Ulaya ramani ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliokuwa pwani yetu. Walikuwa wamewauliza wafanyabiashara wa Kiswahili na wa Kiarabu kuhusu bara. Kila mmoja alitaja maji makubwa: huyu aliyefika Ujiji, yule aliyefika Nyasa, yule aliyesikia habari za Ukerewe. Kila mmoja alisema kweli. Wamisionari wakaunganisha maziwa yote matatu yakawa moja, dude kubwa lililojipinda katikati ya Afrika kama konokono asiye na gamba. Hadi leo wanahistoria huiita Ramani ya Konokono. Ilizua mabishano London, na ni mojawapo ya sababu zilizomfanya Burton na Speke watumwe, wakafika Ujiji Februari 1858. Ukiiangalia leo lile umbo jeusi ni picha dhahania nzuri sana. Tofauti yake na ya De Kooning ni kwamba De Kooning hakumwambia mtu yeyote afunge mizigo aende huko.

Baadaye Wajerumani wakachapa Berlin, kwa kampuni ya Dietrich Reimer, mfululizo wa karatasi za ramani ya koloni lao kwa kipimo cha 1:300,000. Zilichapwa kwa litografia, na ni kazi safi. Pale ambapo msafara ulipita kuna majina ya vijiji, vilima na vijito. Pale ambapo haukupita kuna weupe. Watu waliishi kwenye ule weupe, walilima, walizika. Lakini karatasi ilisema tupu.

Kumbuka jinsi weupe wa litografia unavyopatikana: si mahali ambapo hakuna kitu, ni mahali palipopakwa gundi ili wino usishike.

Nchi ya Buha ilikuja kulipia mistari hiyo. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Kiingereza, ikipambana na malale, iliwahamisha watu wa Buha kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika na kuwakusanya kwenye makazi yaliyopangwa, vichaka vikiwa vimefyekwa ili mbung'o wasipate kivuli. Kibondo ni mojawapo ya sehemu zilizoguswa sana. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua, hilo tusilifiche. Lakini ardhi zilizoachwa zikarudi kuwa pori, na mashamba, makaburi na miti ya mipaka ya koo ikapotea ndani yake. Kisha mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, moja ya operesheni za mwanzo za kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa kabla zoezi halijaenea nchi nzima. Serikali safari hii ilikuwa yetu. Nyumba zikapangwa kwa mstari kando ya barabara.

Shangazi alikuwa binti mdogo wakati huo. Anachokumbuka ni kuku. Aliambiwa abebe kuku mmoja, akambeba njia nzima kifuani, na walipofika mahali palipopigwa vigingi akaambiwa "hapa ndipo nyumbani", yule kuku alikataa kushuka. Hajui nani alichora mstari ule. Aliwahi kuniambia kwamba watu wazima waliuliza kwa nini nyumba yao iwe upande huu wa barabara na si ule wenye maji, wakajibiwa imo kwenye karatasi.

Najua, makala ilianza na picha ya dekio na sasa tuko kwenye vigingi. Lakini ni ufundi uleule, mafuta kwenye bapa. Ramani ni dhahania kuliko michirizi ya De Kooning: huwezi kuona mto wa Malagarasi ukifanana na mstari wa bluu. Tumezoea tu kuiamini. Nikiitazama ile litografia ya 1960 napumua, kwa sababu haijifanyi chochote. Inasema: mtu alisimama hapa, dekio lilikuwa limelowa, mkono ulikwenda hivi.

Mwaka huohuo wa 1960, kwa taarifa yako, MoMA iliingiza kwenye hazina yake mchoro wa Mtanganyika, Sam Ntiro wa Machame, mwalimu wa sanaa Makerere ambaye baadaye alikuwa balozi wetu London. Mchoro wake wa mwaka 1956 ni wa rangi za mafuta, unaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Si dhahania hata kidogo. Napenda tu kufikiria kwamba vitu hivi viwili, dekio na pombe ya ndizi, vimetunzwa na nyumba moja.

Haya, tufanye kwa mikono. Kuna njia ya nyumbani iliyobuniwa na msanii wa Ufaransa, Émilie Aizier, na haihitaji jiwe. Usiidharau: mitambo ya ofseti inayochapa vitabu vyako vya shule na magazeti ni litografia pia, na jiwe lake ni bamba jembamba la alumini. Mmarekani Ira Rubel aliona mwaka 1904 kwamba picha ikipita kwanza kwenye mpira kabla ya karatasi inatoka safi zaidi, na tangu hapo jiwe likaanza kubaki kwa wasanii.

Unahitaji foili, kipande cha kioo au plastiki ngumu ya kuitandaza, kipande cha sabuni, soda ya kola, mafuta ya kupikia, sponji, wino wa kuchapia wenye mafuta (fundi wa kiwanda cha uchapaji atakugawia kijiko akikuona una heshima), na kijiko cha kusugulia. Kwaruza foili taratibu kwa msasa laini. Chora kwa sabuni. Mwagia kola: asidi ya fosforasi iliyomo inafanya sehemu tupu ya foili ipende maji. Suuza, futa mchoro kwa mafuta, lowesha, paka wino, weka karatasi, sugua kwa mgongo wa kijiko.

Sisi tulifanya siku mbili baada ya ile jioni, mezani kwa shangazi. Ya kwanza ilitoka nyeusi tii, karatasi nzima, kwa sababu foili ilikauka kabla sijapaka wino, na pale maji yanapokauka wino haubagui. Ya pili ilikuwa na kosa la kizamani: binamu yangu aliandika jina lake vizuri kabisa, akasahau kwamba litageuka. Tulitumia mawese, na asubuhi za Kasulu zina baridi, yalikuwa yameganda nusu. Ikabidi tuyaweke karibu na jiko kwanza.

Ya tatu shangazi alisema tumpishe. Hakutaka kipande cha sabuni. Alilowesha sabuni kwenye kikombe mpaka ikawa uji, akakata kamba tatu za dekio kuukuu, akazifunga pamoja, akachovya. Akapitisha mara moja tu, kutoka kushoto, akapandisha, akakata. Kisha akaniangalia.

"Mwaga hiyo soda yako basi, kabla haijakauka."

Ilitoka kijivu upande mmoja, na kwenye kona kuna alama ya kidole changu. Ameibandika jikoni, juu ya mlango wa stoo.